Mama Mkwe Amembandika Bappa Kwenye Mkia wa Ndege Yangu

Mpendwa Mama Mdogo Kusum,

Nisaidie kabla sijapasuka, maana sijui nicheke au nilie, mimi ni daktari wa meno hapahapa Sangli, naishi na mume wangu na mama yake, na tangu mvua zianze nimekuwa nikiunda ndege ya rimoti juu ya meza ya chakula, mabawa yake ya mbao laini nimeyasugua kwa vifaa vyangu vya kliniki, nimeipaka rangi ya machungwa, na asubuhi ya sikukuu ya Dasara itaruka kwa mara ya kwanza kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha sukari, mtaa mzima utakuwepo, na kila nikiifikiria siku hiyo moyo unanienda mbio hata mgonjwa akiwa kinywa wazi mbele yangu.

Sasa mama mkwe. Miezi yote hiyo alikuwa akipita mezani anasonya, "Meno ya watu yanaoza, daktari anacheza na midoli," nami naendelea kusugua mabawa, lakini siku nilipowasha mota kwa majaribio, pangaboi la puani likazunguka na mapazia yakapepea, alitoka jikoni mbio na unga mikononi, akasimama, akasema, "Yaani hiki kitu kitaruka kweli?" nikamwambia, "Kitaruka, Aai," maana ndivyo tunavyomwita mama, na kuanzia hapo mama yule amebadilika, ananiita rubani, "Wee rubani, chai yako inapoa!" amewaalika dada zake wote kutoka Miraj, ameshaagiza maua ya kuivisha ndege kama tunavyovisha magari na mashine siku hiyo, na nakuambia ukweli, tangu niolewe hatukuwahi kucheka pamoja mpaka ilipokuja ndege hii.

Basi juzi akaja na kitu amekifunga kwenye kitambaa, kumbe ni kisanamu cha shaba cha Bappa, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo, mdogo kama ndimu, yule aliyekaa kwenye skuta ya marehemu baba mkwe miaka yote, akasema, "Aende na ndege. Alimlinda mzee barabarani, na wewe atakulinda," nikaguswa sana, lakini nilikuwa nachelewa kliniki, nikamjibu hukohuko mlangoni, "Mbele hakuna nafasi, Aai, nimeshajaza vipande vya madini ya risasi vya kuongeza uzito," nikaenda zangu, na niliporudi nikamkuta Bappa amebandikwa juu ya mkia kwa gundi kali, na alama nyekundu ya baraka pembeni, mama mkwe anatabasamu, "Wenye kijicho wanangoja uwape mgongo. Nimemweka huko nyuma awatazame."

Pengine huzijui ndege hizi, Mama Mdogo: kabla hujairusha mara ya kwanza unatia betri ndani, unaweka ncha za vidole viwili chini ya mabawa penye alama, unainyanyua, na lazima itulie, ikiinamisha pua kidogo si neno, lakini ikiangusha mkia ndiyo basi tena, itapanda ghafla, itasimama hewani, ianguke. Na yangu ilikuwa inatulia! Ilitulia mpaka nikawa naipima tena na tena kwa raha tu, na sasa ukiinyanyua mkia unaketi chini kama nyati aliyechoka. Nimebandika risasi nyingine nje ya pua, nikaongeza tena, maana kutoka kwenye mabawa mkia uko mbali, pua iko karibu, sasa ndege imekuwa nzito kama boga, haitainuka kamwe. Nikimng'oa Bappa, mama mkwe ataona nimemtupa mumewe, nikimwacha, ndege itaanguka siku ya Dasara mbele ya dada zake na Bappa aishie mtaroni. Mume wangu nimemuuliza, akasema, "Mimi simo," akaenda kuangalia kriketi. Je, nimtoe kisirisiri nibandike wa plastiki anayefanana naye, mwepesi? Nijibu upesi, naogopa kuipoteza ndege na naogopa zaidi kumpoteza huyu mama niliyempata juzijuzi.

Ni mimi, Mrunal

*

Daktari Mrunal,

Kwanza hongera! Barua yako nimeisoma nimesimama, na chai yangu nayo imepoa. Sasa keti nikugombeze.

Wa plastiki? Mama wa watu amekuletea kitu ambacho mumewe alikigusa kila asubuhi kabla ya kuwasha skuta, nawe unataka kumpachikia bandia! Atamjua hata kabla hajavaa miwani. Wazo hilo litupe leo hii.

Halafu hebu soma ulichoandika kwa mkono wako: mbele hakuna nafasi. Haipo kwa sababu umejaza risasi. Mwanangu, kadi ya kwanza ya harusi yako iliwekwa mbele ya nani? Siku ya kufungua kliniki mlianza kwa kumwomba nani? Majumbani kwetu Bappa hutangulia katika kila jambo, hata mtoto mdogo analijua hilo, na wewe kiti chake umekipa risasi, yeye ukamwachia mkia. Mama mkwe wako hakukosea. Alimweka pale ulipomwachia nafasi. Siku nzima unawaambia watu wafungue kinywa, chako nyumbani umekifumba.

Usimguse Bappa. Mwite Aai mezani, mpe ndege ainyanyue mwenyewe, ausikie mkia unavyovuta. Usimhutubie. Mwambie, "Nilikosea, Aai, kiti chake ni cha mbele, naomba umhamishe." Mikono iliyomweka ndiyo imtoe. Gundi msiivute, mtaondoka na mkia. Pitisheni uzi mwembamba chini yake polepole, na uzi wa kusafishia meno sidhani kama umekuishia. Kisha toa risasi yote puani, umkalishe yeye humo ndani, nyuma ya mota, umfunge asitikisike. Yeye ndiye uzito uliokuwa ukiutafuta. Pua ikizidi kuinama, sogeza betri nyuma. Mkia ukiendelea kushuka, rudisha risasi kidogo, Bappa hatakataa jirani.

Maua mvisheni, mpige picha, halafu yavueni kabla ya kurusha. Na dada wa Miraj wasije na limau na pilipili zao za kuzuia kijicho kufunga popote!

Asubuhi ya Dasara, pale uwanjani, ipime mara ya mwisho, ila si kwa vidole vyako viwili. Weka kimoja chako chini ya bawa moja, Aai aweke chake chini ya la pili. Inyanyueni pamoja. Ikitulia, usiseme kitu, mwache yeye aseme wa kwanza. Kisha shika rimoti, rubani, uirushe.

Mama Mdogo Kusum