Ruban nyekundu kwa shingo ya Madame

Siku ya kwanza ya juma, lundi, Butembo. Ukungu imeshuka mpaka juu ya mabati, baridi inaingia kwa mifupa, na mimi nimekaa hapa kwa cyber na kikwembe yenye kulowana. Shajara yangu, leo usingojee salamu. Niko na hasira.

Nilikuja kutafuta maziwa ya boîte, ile ya unga ya batoto, kwa ajili ya Grâce. Nimezunguka maduka yote, jibu ni moja: barabara ya Kasindi, ya kwenda mupakani, imefungwa, banapigana kule, magari haipiti. Muuzaji moja aliniambia nimupatie mutoto chai. Chai! Mutoto ya miezi!

Grâce ni mutoto ya dada yangu Masika. Masika alikufa siku yenye alimuzala, akatuachia huyu mutoto, hakumuona hata mara moja akicheka. Mama yangu anamulea, mimi namunyonyesha. Si kwa titi yangu. Kwa titi ya mbuzi.

Ndiyo, cheka tu. Kijiji yetu Vuhovi yote ilicheka. Kwetu mbuzi inakuliwa, inatolewa mahari, lakini kukamuliwa? Batoto balikuwa bananifuata kwa njia na vikombe, banalia mee. Kisha Grâce akanenepa, mashavu ikatoka, na bale bale benye kucheka bakaanza kuniuliza pembeni namna gani mutu anakamata titi ya mbuzi bila kupigwa teke.

Mbuzi nilimuita Madame juu ya kutembea kwake. Anaweka muguu moja chini, anawaza kwanza, kisha anaweka ingine.

Tangu vita iliingia, kwetu hakuna mutu mwenye anaonyesha mifugo yake. Mbuzi inalala chumbani na batu. Majani tunaikata, tunaiingiza ndani chini ya sombe, majani ya muhogo, kama bitu bya wizi. Ukimuuliza jirani kama iko na mbuzi, anakujibu: mbuzi? Mbuzi gani? Na wewe unaisikia inakohoa nyuma ya mulango.

Zamani, mbele vita iingie, haikuwa hivyo. Kila mwaka, nyuma ya mavuno ya maharagi, bijana balikuwa banapeleka mifugo yao kwa kiwanja ya mpira: mbuzi, sungura, nguruwe, hata kuku. Bazazi ba bijana banazunguka, banashika mugongo, banafungua mudomo ya mbuzi kuangalia meno. Beberu yenye ilishinda ilikuwa inazunguka nyumba kwa nyumba mwaka muzima, inapanda mbuzi za batu bote bila mutu kulipa. Njo namna damu nzuri ilikuwa inaenea kwetu. Na si damu ya mbuzi tu. Kijana mwenye mbuzi yake inangaa, bazee banasema: huyu anaweza kuoa. Binti mwenye sungura zake zimenona, mama za batu banaanza kumusalimia sana kanisani. Masika mwenyewe, bwana yake alimuona mara ya kwanza pale, ameshika nguruwe kwa sikio, matope mpaka kwa magoti.

Donc siku yenye baba mudogo Kasereka alikuja kusema exposition, ile siku ya kuonyesha mifugo, inarudi, mimi nilipiga kigelegele.

Baba mudogo ni mudogo ya baba yangu. Tangu baba alikufa, yeye njo baba. Yeye njo alinipeleka masomo, yeye njo alisimama mbele ya kaburi ya Masika wakati sisi bengine tulikuwa hatuwezi kusimama. Na yeye njo président wa bijana benye kufuga. Alipita kila nyumba. "Musiogope, batoto. Nimeongea na komanda mwenyewe wa basoda ba hapa kwetu. Ameapa, hakuna musoda atagusa hata unyoya."

Mama alikataa wazi: mimi siitoi mbuzi yetu hapa ndani. Mimi njo nilibishana naye. Nilimwambia: Mama, kama hatumuamini baba mudogo, tutaamini nani tena?

Hii neno njo inanirudia leo.

Juzi, siku ya posho, jua ilitoka vizuri. Nilimuosha Madame na sabuni ya kufulia, nikamupakaa mawese kwa kwato mpaka zikangaa. Ungeziona mbuzi za Vuhovi siku ile! Zingine zilikuwa hazijaona jua tangu kuzaliwa. Zilifika kiwanjani zinafunga macho, zinagongana, moja ikalala chini ikakataa kabisa, mwenyewe akaibeba kwa mabega. Tulicheka mpaka machozi. Kila mutu anamwambia jirani yake: ee, kumbe ulikuwa nazo zote hizi! Na jirani anacheka, hana haya tena ya kuficha. Nilisikia kama vita imeisha.

Komanda alikuja na basoda yake. Balikaa kwa mabenchi ya mbele kama bageni ba heshima, bunduki katikati ya magoti. Batoto ya chorale bakabaimbia.

Baba mudogo alizunguka yeye mwenyewe na ruban nyekundu kwa mukono, ile ya kufunga zawadi. Mbuzi yenye imeshinda, anaifunga kwa shingo. Alifika kwetu, akapitisha mukono kwa mugongo ya Madame, akashika mbavu, akasimama kidogo. Kisha akafunga. Nililia, kweli, nililia ya furaha mbele ya batu bote. Niliwaza: Masika, unaona?

Kando yangu alikuwa Muhindo, kijana ya baba mudogo. Mbuzi yake na Madame zilizaliwa na mama moja, mais yake ni kubwa zaidi, manyoya laini, na mutoto yake ilikuwa inanyonya pale pale. Kila mutu aliona hiyo njo ya kwanza. Baba yake alipita bila kusimama, hakuifunga kitu. Niseme ukweli: kwa roho yangu nilifurahi kidogo. Kisha nikamuonea huruma, nikamushika bega: "Usivunjike moyo, ndugu yangu. Mwaka kesho." Muhindo hakuniangalia. Nilifikiri ni haya ya kushindwa.

Ilikuwa haya. Mais si ile yenye nilifikiri.

Komanda akasimama, akashukuru bijana, akasema inchi inajengwa na benye kufuga. Tukapiga makofi. Akabaambia basoda neno fupi kwa Lingala, bakasimama na kamba. Mimi bado nilikuwa nacheka meno yote inje. Nilifikiri banapanga bashindi kwa ajili ya picha.

Balikamata zenye ruban. Zile tu.

Musoda mwenye alifika kwangu alikuwa kijana wa rika yangu. Nilishika kamba na mikono yote mbili, nikapiga kelele: "Baba! Baba mudogo! Ubaambie huyu ni wa maziwa! Ni wa mutoto! Hata nyama hana!" Baba mudogo alikuwa karibu, alinisikia. Hakubishana na musoda. Hakumwendea komanda. Alikuja kwangu mimi, akanifungua bidole kimoja kimoja, na kwa sauti ya chini akasema:

"Kavira, achilia kamba."

Balimupeleka Madame kwa gari yabo, camionnette. Akaweka muguu moja juu, akawaza. Bakamusukuma.

Jana, siku ya Yenga, nyuma ya misa nilienda kwa baba mudogo. Mama alinikataza. Mais Grâce alikuwa amelia mpaka sauti imeisha, tulimupa uji akatapika, tukamupa tena akatapika tena, na mimi nilikuwa siwezi tena kukaa pale na kumuangalia.

Baba mudogo alikuwa amekaa mbele ya nyumba, chai yake imepoa. Hakukataa kitu. Alisema komanda alimuita kabla ya exposition kutangazwa, akamwambia: basoda bangu bana njaa, ao munaleta nyama, ao tunaingia nyumba kwa nyumba kuitafuta. "Unajua kule kwenye baliingia nyumba kwa nyumba, binti yangu. Unajua nini baliacha. Mimi nilichagua mbuzi zikwende, batu babaki. Ungekuwa mimi, ungefanya nini?"

Na ni kweli. Kule najua. Batu ba kule balipita kwetu na magodoro kwa kichwa, na mama bengine balikuwa habasemi tena na mutu. Nilikaa chini kwa kibao, hasira ikaanza kulegea. Nilikuwa karibu kumuomba pardon. Mimi! Kumuomba yeye!

Njo nikasikia nyuma ya jikoni yake mutoto ya mbuzi inalia, na mama yake inaijibu.

Ilikuwa mbuzi ya Muhindo. Imefungwa pale, majani mingi mbele yake, titi imejaa mpaka maziwa inadondoka chini.

Nikamuuliza: "Baba, kama ulichagua mbuzi juu batu bapone, mbona yako haikuvaa ruban?"

Akakamata kikombe yake, akamwaga ile chai chini. Mama mudogo, muke yake, alikuwa amefika kwa mulango na sahani, akarudi nayo ndani. Muhindo akatoka kwa parcelle, uwanja ya nyumba yabo, bila kuaga. Nilingoja. Kweli, nilingoja hata kama angenitukana. Kisha nikarudi kwetu.

Sasa Vuhovi mbuzi zenye zilibaki zimerudi chumbani, mais hata siri haiko tena, kila mutu aliona jirani iko na nini. Batu banasalimiana macho chini. Bijana banasema habatafuga tena, heri kuuza mazuti ya gari kwa chupa hapa Butembo. Na mimi, kitu moja tu inazunguka kwa kichwa: kama angeniambia ukweli? Kama angekaa kwa kiti yetu na kusema, Kavira, komanda anataka nyama, na tusipoitoa atatumaliza, leta Madame. Ningemuleta?

Naona ningelia. Ningemutukana. Kisha ningemuuliza: na wewe, unaleta yako? Kama angejibu ndiyo, ningemuleta. Tungetembea sote wawili mpaka kiwanjani, bila chorale, bila makofi, kila mutu na mbuzi yake, na leo angekuwa bado baba yangu. Ile kitu ningeitoa mimi mwenyewe. Yeye aliona ni rahisi zaidi kunifurahisha kwanza.

Boîte haiko Butembo. Narudi.

Kesho asubuhi nitamufunga Grâce kwa mugongo, nitakamata kikombe yangu, nitaingia kwa parcelle ya baba mudogo. Sitaomba ruhusa. Nitapiga magoti nyuma ya jikoni yake, nitakamua mbuzi yake, nitanywesha mutoto pale pale, yeye anaangalia. Kesho kutwa tena. Kila asubuhi, mpaka Grâce aote meno ya kutosha kula chakula ya batu.

Na sitamutukana. Nitamupa salamu ya asubuhi kwa Kinande, na heshima yote, vile nilifundishwa: "Wavukire, baba."

Nataka nisikie ni sauti gani atanijibu nayo.