Kilo Mia Moja na Nane

Pinga, tarehe 3 mwezi wa pili 2025

Mutoto wangu Benita,

Pokea salamu zangu na za Kanyere, mutoto wa marehemu dada yangu Mbambu. Unaamuka je uko Mubi? Kazi ya hospitali haikuchokeshe sana? Sisi huku tuko wazima, ni magoti yangu tu njo inalalamika kila nikipanda kilima ya kanisa. Antene ya telefone iko chini tangu Noeli, kwa hiyo nimemupa Archange barua hii, ule motari wa piki mwenye kofia ya manjano. Atakuletea mukononi.

Benita, nilienda Butembo kutafuta vitu vya duka, nikapitia kwa dokta. Alipima damu, akasema sukari iko inapanda na uzito njo unaivuta. Mizani yake ilifika mia moja makumi mbili, ikagoma. Kurudi hapa, nilipanda juu ya mizani ya Katembo, ile anapimia mifuko ya maharagi ku depo. Mia moja makumi mbili na moja. Katembo akauliza kama niko maharagi ya kula ao ya mbegu. Nilimujibu niko ya kumushinda kubeba.

Dokta ameandika ordonansi ya sindano ya kupunguza uzito. Inakuwa ndani ya kalamu, muntu anajichoma mwenyewe ku tumbo. Iko namna mbili: moja ya kila siku, ingine mara moja kwa juma. Akasema, «Mama, binti yako ni muganga, chagueni pamoja.» Basi nakuuliza. Sitaki maneno mingi. Niambie tu ni gani inapunguza mbio.

Mama yako,
Virginie


Mubi, tarehe 10 mwezi wa pili

Mama mupenzi,

Nakusalimia kwa heshima yote. Magoti imepata nafuu? Mimi niko muzima, malaria tu njo ilinipitia, lakini imekwisha. Musalimie Kanyere, umuambie kalamu za rangi nilimuahidi ziko.

Nimesoma vitabu, nimeuliza na dokta wetu. Sindano hizi mbili ni ndugu. Zote zinaambia tumbo kwamba limeshiba. Zote zinatapisha, zaidi mwanzoni, na zote zinaanza na dose ndogo ambayo hauongezi mbele ya wakati. Mbele ya kufungua unaziweka mu frigo. Lakini usiziweke mu kongelateri pamoja na samaki. Zikiganda, ni za kutupa. Na kuchanganya zote mbili ni hapana.

Tofauti njo hii. Ile ya juma inapunguza zaidi kwa watu wengi, na unachoma siku ya Mungu tu. Muntu mwingine angekuambia ukamate hiyo. Mimi nakuambia ukamate ya kila siku. Hii ukiiacha leo, kisha siku mbili tatu imetoka mu mwili. Ile ya juma inabaki ndani majuma na majuma. Mama, sisi tunaishi fasi gani? Siku moja munakimbia, tumbo inakataa chakula, inakataa hata maji, na hauwezi kuiambia dawa ibaki nyumbani. Itakimbia na wewe. Hiyo njo inaniogopesha.

Na mbio haiko. Kwa miezi tatu, kilo tano, ukibahatika nane.

Lakini nami nikuulize. Wewe njo ulikuwa unasema mwanamuke mwembamba ni mti wa kufungia mbuzi. Leo uzito umekuwa adui? Nani anakuangalia uko Pinga? Niambie wewe, mbele Archange aniambie.

Mutoto wako,
Benita


Pinga, tarehe 23 mwezi wa pili

Benita wangu,

Salamu nyingi. Pole na malaria. Kunywa maji, usijifanye muganga hagonjwi. Kanyere anauliza kama kuna rangi ya zambarau mu zile kalamu.

Nilicheka na maneno yako, kisha nikalia kidogo. Hakuna mwanaume anayeniangalia. Nimekamata ile ya juma. Najua ulisema hapana. Lakini kalamu inalala mu frigo ya chanjo, kwa Hubert, muganga wa hapa. Nikienda kwake kila asubuhi, kisha nikianza kukonda, unajua vile watu watasema niko nayo, ukimwi. Nani atanunua chumvi ku mukono wa mugonjwa? Siku ya Mungu, kisha misa, hakuna anayeona. Nimesha choma mara moja.

Sasa nikuambie neno ambalo sijamuambia hata padri. Ile siku tulikimbia toka Kalembe, miaka mbili iliyopita, niliwaambia mama mudogo wako Mbambu alikufa na homa ya mapafu. Si uongo, ila haiko yote. Piki ilikuwa moja tu, ya Archange. Mbambu alikuwa amesha panda, na Kanyere katikati. Nikapanda mimi, na piki ikazama mu matope. Archange akasukuma, haikutoka. Mbambu njo alishuka. Akasema, «Dada, wewe magoti. Mimi niko mwepesi, nitawafuata.» Alitembea siku mbili na mvua juu yake. Alifika, akalala, hakuamuka tena. Kila muntu ananifariji kwamba Mungu alimupenda zaidi. Mimi najua fasi ya nani nilikalia.

Watu wanasema vita inaweza kufika huku. Nikamuuliza Archange: mu matope, toka hapa mupaka Mubi, piki yako inabeba kilo ngapi nyuma? Akasema mia moja makumi tatu, haipiti. Kanyere ana kilo makumi mbili na mbili. Toa hizo. Inabaki mia moja na nane. Hiyo njo dawa yangu, Benita. Nataka nipande na mutoto huyu bila muntu kushuka.

Mama yako


Mubi, tarehe 4 mwezi wa tatu

Mama,

Salamu kwako na kwa Kanyere. Barua yako nilisomea kazini, nikaenda kukaa nyuma ya maternite mupaka wakanitafuta.

Nimekukasirikia. Miaka mbili unabeba hiyo peke yako, na mimi naleta mizaha ya mbuzi. Mama mudogo Mbambu namujua. Kama ungekataa kupanda, angekusukuma kwa mikono yake. Hakushuka kwa sababu uko munene. Alishuka kwa sababu uko dada yake.

Dawa umesha chagua, basi tuifuate vizuri. Majuma ine ya kwanza, ile dose ya chini, mara moja kwa juma. Ukitapika sana, ao tumbo ikikuuma mupaka mugongoni, unaacha na unamuona Hubert siku ile ile. Kunywa maji hata kama hauna kiu. Kula mayai, kula maharagi. Haufikii mia moja na nane mbele ya mwezi wa nane, hata ufanye nini. Mwili hauna haraka ya vita.

Kwa hiyo nakuomba: usingojee kilo. Kujeni sasa, njia ingali wazi. Kama piki moja haiwatoshi, Kanyere akuje leo, wewe kesho. Chumba changu ni kidogo, lakini kitanda kiko.

Mutoto wako anayekuogopea,
Benita


Pinga, tarehe 30 mwezi wa tatu

Mutoto wangu,

Nakusalimia mu jina la Bwana. Uko muzima? Mimi niko, namushukuru Mungu.

Kanyere nilimujaribu. Nilimuambia, utaenda na Archange kwa dada Benita, mimi nitafuata kesho yake. Kusikia «nitafuata» akashika kikwembe nilichojifunga, hakukiacha siku nzima, hata ku choo alinisindikiza. Mutoto amesha sikia lile neno mara moja. Sina nguvu ya kumupandisha akilia. Tutatoka pamoja ao hatutoki.

Niko na kilo mia moja kumi na tano. Katembo hachezi tena, ananiangalia tu. Sahani yangu Kanyere njo anamaliza, yeye ananenepa na mimi nakonda, inabidi nimupime naye. Wateja wananiuliza kama niko nayo. Nawajibu niko na sukari.

Sasa usinigombeze. Bunduki tunasikia, mbali, lakini zaidi kuliko mwezi uliopita. Juma ni siku saba, na mimi sina siku saba za kungojea kila kilo. Nimeanza kuchoma kila siku ine. Hubert hajui, nilimudanganya ili nikae na kalamu nyumbani, mu chungu chenye mchanga na maji ya baridi. Natapika asubuhi. Mboga ya sombe, hata harufu yake siwezi. Kichwa kinazunguka nikisimama. Lakini kilo inashuka, Benita. Inabaki saba.

Mama yako


Pinga, tarehe 16 mwezi wa ine

Benita,

Salamu kwa mbio. Kama unasoma hii, Kanyere amefika. Mukumbatie mbele ya kuendelea.

Watu wanakimbia tangu asubuhi, vita imefika. Archange alikuja mulangoni, Mungu amubariki. Nilipita ku depo, nikapanda mizani mara ya mwisho: mia moja kumi na tatu. Kilo tano zilinishinda. Archange alisema, «Panda tu, Mama, tutajaribu.» Lakini mvua imenyesha siku tatu, na bibi ya Hubert alikuwa amesimama hapo na mutoto mchanga na tumbo ya kupasuliwa juzi. Nilimuangalia vile Mbambu aliniangalia. Nikamupa fasi.

Dawa nilichoma juzi. Ulisema kweli, iko inakimbia na mimi. Tangu jana sijakula kitu kikabaki. Nitatembea na Hubert na wengine, polepole. Magoti yamenisaidia kidogo, kilo nane si bure.

Kanyere sikumuambia nitafuata. Sikuweza kulitoa lile neno mudomoni. Barua hii nitamufungia ku kifua, nimesha muambia: hii ni ya dada Benita peke yake, inataka jibu, na wewe njo utahakikisha amejibu. Akaacha kikwembe changu. Ni mutoto wa kazi, kama mama yake.

Basi umujibu, anangojea.

Mama yako


Mubi, tarehe 28 mwezi wa ine

Mama,

Jambo sana. Uko muzima? Ni swali la barua zote, lakini leo ni swali kweli.

Kanyere alifika tarehe 18 na matope mupaka ku nywele. Hakukubali kula mbele ya kunipa barua, na kila siku anauliza kama nimejibu. Namuambia natafuta maneno. Leo amekaa hapa pembeni, anaangalia mukono wangu, na ile kalamu ya zambarau sikioni. Bibi ya Hubert na mutoto wake tuliwalaza hospitali. Mama anakunywa uji, mutoto ananyonya.

Barua niliandika tarehe 5 haikukufikia, njia ilikuwa imefungwa. Motari niliyemupa alinirudishia. Ndani nilikugombeza kwa ile siku ine. Nimeichoma, usiitafute.

Wametoka Pinga watu wengi. Kila asubuhi mbele ya kazi naenda barabarani kuangalia. Hubert alifika juzi. Alisema mulitembea pamoja siku tatu, ulikuwa unatapika maji, ukawaambia watangulie, wewe utapumuzika. Hakutaka. Umati ukawatenganisha ku muto. Alilia akinieleza, na mimi sikuweza kumukasirikia.

Jana motari mwingine, muntu hatumujui, alileta watu wa mwisho. Nilimuuliza kama ameona mama mmoja munene. Akasema wanene hawaonekani siku hizi. Kisha akafikiri. Akasema mu kijiji kimoja ukisha vuka muto, mama fulani alikuwa amekaa mulangoni mwa watu, uso umekonda lakini mukubwa wa mifupa, anaomba muhogo. Walimupa kipande, akasema, «Hiki ni cha mutoto, niletee cha muntu.»

Kanyere alisikia. Akacheka mara ya kwanza tangu afike. Akasema, «Njo yeye.»

Mimi ni muganga, najua kuhesabu. Dose ya mwisho tarehe 14, na leo ni majuma mawili. Dawa imeanza kukuacha, njaa inarudi. Inaweza kuwa wewe. Inaweza kuwa mama ya muntu mwingine, na huyo pia Mungu amulishe. Siwezi kuomba zaidi ya hapo bila kuanguka.

Archange anatoka sasa hivi na barua hii. Nimemuambia asibebe muntu mwingine, fasi yote ya nyuma ni yako. Nimemupa muhogo uliochemshwa, mayai, na chumvi na sukari ya kuchanganya mu maji. Akikukuta, usimuulize piki inabeba kilo ngapi. Jua limewaka siku ine, njia imekauka.

Hapa hatuna mizani ya maharagi. Kuja na kilo zako zote, Mama. Hakuna hata moja ya kubaki njiani.

Watoto wako,
Benita na Kanyere