Nililazimisha Kadi ya Baba, Karani Akabeba Lawama

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie. Mimi ni fundi wa sauti, na chumba ninachokuandikia ndicho kilichokuwa studio ya marehemu baba, kuta zake bado zina trei za mayai alizozibandika kwa mkono wake ili mwangwi usirudi, na zulia ni lile lile la kijani lililotoboka pale alipoegemeza kiti, na watu wa mtaa walimwita Bwana Kimya kwa sababu kila aliyefungua mlango alionyeshwa kidole mdomoni kabla hata ya kusalimiwa. Zamani zile watu walikuja kwake kurekodi barua za kaseti za kuwapelekea ndugu zao walio mbali, na mama ndiye aliyewakalisha, akawapa maji, akawauliza, "Uko tayari? Basi ongea kama vile yuko hapa hapa," na baba alibakiza nakala ya kila barua kwenye tepu kubwa, nami nilikuwa nakaa chini ya meza nikiwasikiliza watu wazima wakilia na kucheka, na sijapata tena furaha ya namna ile.

Wazazi walipotutoka, dada yangu mkunga aligeuza chumba cha mbele kuwa kliniki ya wajawazito, mimi nikabaki na cha nyuma, tukanunua kompyuta moja kubwa nikaigawa kwa mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa zinazoishi ndani ya ile moja, kila moja ikijiona iko peke yake. Moja inatunza rekodi za dada. Nyingine niliiwekea mfumo wa zamani, kwa sababu kadi ya sauti ya baba, ile ya kusomea tepu zake, haielewi mfumo mpya hata uibembeleze vipi, na ili ifanye kazi sawasawa ilibidi mashine ile pepe iishike moja kwa moja, bila kupitia kwa mwingine, lakini kompyuta ikagoma, ikasema kadi hiyo iko kundi moja na kadi inayoendesha diski, huwezi kutoa moja ukaacha nyingine. Ningeishia hapo. Lakini nikapata mtandaoni mpangilio wa kuilazimisha kompyuta izihesabu kuwa makundi mawili, na palikuwa na onyo kwamba kadi moja inaweza kuvuruga kazi ya jirani yake, nikalisoma, nikalipita, kwa sababu tepu zinaoza na bado nina masanduku matatu.

Siku hiyo hiyo mama akasikika, "Uko tayari?" Nililia mpaka nikakaa sakafuni.

Wiki iliyofuata rekodi za wajawazito arobaini zilifunguka zikiwa alama tupu zisizosomeka. Asubuhi hiyo karani wa dada, mama mtu mzima aliyefanya kazi pale miaka sita, alikuwa amechomeka flashi yake achapishe barua ya shule ya mwanawe, basi dada akapandisha hasira, akasema, "Nimekukataza mara ngapi kuchomeka vitu vyako humu?" na karani akajibu kwa sauti ndogo, "Labda ni mimi kweli, nisamehe," akasimamishwa kazi, nami nimesimama mlangoni, ninajua, nimenyamaza. Leo ni siku ya kumi na moja. Nikisema, dada ataing'oa kadi na sauti za wazazi wetu zitaozea masandukuni, nisiposema ndiyo hivi, silali. Nifanye nini?

Fundi wa chumba cha nyuma

*

Fundi, pole. Pole hiyo ni ya wazazi wako na naitoa kwa moyo mweupe. Kabla ya safu hii nilikuwa opareta wa kompyuta, enzi ambazo kila kazi ilikuwa na mashine yake na jioni tuliifunika kwa kitambaa, na mpaka leo nikinusa utepe wa printa wenzangu wote wananirudia. Kwa hiyo najua ulichokisikia siku ile. Kwa yaliyofuata sina pole.

Wewe si mwanagenzi. Unajua kwamba kadi ya namna hiyo huandika yenyewe kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haimwombi mtu ruhusa. Ndiyo maana kompyuta ina mlinzi wa kuhakikisha kadi uliyoipa mashine pepe inaandika ndani ya eneo la mashine hiyo tu. Lakini mlinzi anakaa mlangoni, na kadi zilizo kundi moja ziko ukumbi mmoja nyuma ya mlango huo, zinaweza kupitishiana mambo bila yeye kuona. Kompyuta ilikwambia hivyo kwa lugha nyepesi. Wewe ukachora mstari wa chaki katikati ya ukumbi ukauita ukuta. Kadi ya baba ikaivamia jirani yake, na jirani ndiye aliyeshika diski ya dada yako.

Izime mashine pepe hiyo ya tepu sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Ufute ule mpangilio. Rekodi uzirudishe kutoka nakala za akiba za kabla ya siku uliyoifungulia kadi, si za baada, na zitakazopungua mzijaze kutoka kadi za kliniki ambazo akina mama wanazo mikononi. Halafu ihamishie kadi ya baba kwenye nafasi nyingine ya ubao mkuu wa kompyuta, uangalie kundi lake upya. Ikiwa peke yake, mlinzi akiwa kazini, itumie kwa amani. Ikiwa bado iko na diski, tafuta kompyuta kuukuu ya kuitumia yenyewe, chumba chako, mlango umefungwa. Tepu hazitapotea. Ulijitungia uchaguzi ambao haupo, ukamtoa kafara mtu mwingine.

Na lipo jambo limenikera kuliko yote. Barua nzima hujasema popote kwamba dada yako ameisikia sauti ya mama yake. Unaogopa ataing'oa kadi, na hujamwambia inatoa nini. Yule pia ni mtoto wao, bwana. Mwite asikilize, lakini baada ya kukiri, kwa sababu ukimwekea mama kwanza utakuwa umempa rushwa.

Wala usianze kwa dada. Huyo utamkuta jioni, atakufokea, na utastahili. Anza kwa karani. Nenda kwake kwa miguu yako, usimpigie simu, ukamwambie kwamba flashi yake haikuharibu chochote. Siku kumi na moja sasa yule mama anaamka akiamini amewaumiza wajawazito arobaini, na wewe peke yako ndiye unayejua kwamba si kweli.