Maua ya Presha

5 Februari

Mama mpendwa,

Sasa hivi Kijino, mjukuu wako, amechuma ua la boga la kike, lile lenye kiboga kidogo mgongoni, akalitia lote mdomoni huku ananipungia mkono. Ya kiume ndiyo tunayochuma na kupika, ya kike tunayaacha yazae. Nilitaka kumgombeza, nikacheka hadi nikakaa chini.

Hujambo lakini? Presha inasemaje? Sisi wazima. Ndoo zangu za kupandia uani zimefika kumi na nne. Rosela, ile ya chai nyekundu, imekubali: nachuma vikombe vyake vyekundu vikiwa laini, natoa mbegu, naanika kivulini. Nimekuwekea pakiti mbili, chemsha unywe. Muuguzi wa kliniki ya watoto alisema inasaidia presha.

Binti yako

2 Machi

Mwanangu,

Salamu zimefika, na pakiti pia. Karatasi iliyo juu yake nimeisoma mara tatu: "Dawa ya presha, asubuhi na jioni." Mwandiko wako, mama! Mimi niliyekutoa shule darasa la sita ulee wadogo zako, leo binti yangu anaandika dawa. Nimewaonyesha majirani wote.

Vile vidonge vya hospitali nimeviacha tangu nifungue pakiti. Na ile foleni ya kusimama tangu alfajiri, basi tena. Kichwa kinagonga kidogo. Kaka yako anapiga kelele nirudi kliniki, nimemwambia, "Mdogo wako anajua kuliko wewe." Leta nyingine.

Mama yako

14 Machi

Mama, shikamoo. Barua yako imefika leo. Anza tena vidonge, leo hii, kabla hujala. Muuguzi alisema rosela inasaidia kidogo tu, na dawa zisiachwe. Hayo ya mwisho sikukuandikia. Na ile karatasi, mwenye duka anayeniuzia pakiti aliniambia, "We dada, andika chai ya maua uone nani atanunua. Andika dawa." Nikaandika pakiti arobaini, zako zikiwa humo humo.

Miaka yote nilingoja useme neno kuhusu ile shule. Limekuja, na siwezi kulifurahia.

Simu ya kaka haipatikani tangu asubuhi, ndiyo maana naandika, dereva wa basi anasubiri nje aichukue barua. Nakuja Jumamosi na maua ya maboga, tutapika, na kliniki tutaenda wote, foleni nitasimama mimi, wewe utakaa na Kijino, tena nitamwambia daktari kwamba kosa ni la— naitwa, ni jirani, ameshika simu, anasema ni kaka, na nikae chini kwanza, lakini mama, mimi bado