Shika, Nimeshika

Jumapili, 3 Machi

Mwanangu Kijino sasa hivi kanipa kijiko kimejaa mate. Kanyoosha mkono, kakunja uso kama mkubwa wa gati: “Shika!” Nikakishika. Haachii! Kakikazia mpaka niseme “Nimeshika.” Ndipo akaachia, akacheka na vile vijino vyake vya mbele.

Kafundishwa na baba yake. Kwao kazini hiyo ndiyo sheria ya usukani. Anayetoa anasema shika, anayepokea anasema nimeshika, na hakuna kuachia kabla neno halijatoka. Hata kama mmegombana. Hata kama chombo kinawaka. Basi na sisi nyumbani tunapeana hivyo kila kitu — chumvi, ndoo, mtoto. Wifi anasema tumerogwa wote watatu.

Baba Kijino ni nahodha wa tagi, kale kaboti kanakovuta vyombo vya anga kuviingiza na kuvitoa gatini. Mdogo kwa mkubwa, kama siafu na mkate. Sasa anatakiwa nahodha wa kile chombo kikubwa, cha kwenda nyota ya mbali. Watu wanakiita Bibi Harusi, maana kila siku kinapambwa na hakiondoki. Walioomba walikuwa wengi, wamebaki wawili: yeye na rafiki yake Mrefu.

Naomba apate. Jamani naomba! Wifi anasema chombo kama kile nahodha ana nyumba yake humo humo, na nyumba haikai bila mke. Nimeshaanza kuwaza mapazia. Sijui kama huko juu kuna madirisha ya kufungua.

Jumatano, 6 Machi

Leo kaja fundi wa sauti kutoka ofisini kwao. Kijana wa adabu, kavua viatu mlangoni. Ana kimashine kidogo. Anasema kila nahodha anawekewa sauti za nyumbani, za kumliwaza. Nisimwambie Baba Kijino, asije akashtukia.

Kijino kagoma. Tumembembeleza, tumemwimbia — kimya, anamtazama fundi soksi. Mwishoni nikampandisha juu ya meza, nikarudi nyuma kidogo, kumchokoza tu. Akaogopa. Akaanza kupiga kelele, “Baba, shika! Baba, shika!” na baba mwenyewe hayupo. Mimi nacheka. Fundi kasema hiyo hiyo, mama, nzuri sana, hatuhitaji nyingine.

Nimemkumbatia mpaka akanyamaza. Moyo wake ulikuwa unadunda kama wa kifaranga.

Ijumaa, 8 Machi

Leo ndiyo siku ya mtihani wa Baba Kijino. Hakula. Nimempa kofia: shika. Nimeshika. Vidole vya baridi!

Kazini nimepiga pasi kola moja asubuhi nzima. Bi Pasi, mkubwa wetu wa chumba cha sare, kaniuliza: “Mama Kijino, hiyo kola imekukosea nini?”

Jioni karudi. Kijino kamkimbilia. Kambeba, kamnusa nywele, muda mrefu, halafu akanirudishia. Nikamuuliza imekuwaje. Kasema, sijui. Akaenda kunawa mikono. Ananawa tu.

Jumamosi, 9 Machi

Kapata!!

Limeletwa koti la nahodha wa Bibi Harusi, jeusi, vifungo vinang’aa. Halina jina, ni siri mpaka litangazwe. Bi Pasi kalikunjua, akasoma vipimo vya mikono: wa kushoto upunguzwe kuliko wa kulia. Nani asiyeujua mkono ule? Ulivunjwa na kamba ya tagi, ukaunga mfupi. Kila usiku ndio mto wangu. Nikapiga kigelegele! Bi Pasi akaniziba mdomo kwa kiganja.

Halafu akanitazama. Kasema, mwanangu, umeuliza anaenda na nani? Nikasema, na sisi. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Hakuna mke anayepanda, kasema. Hakuna mtoto. Kule kila kiti ni cha kazi. Na wakijaliwa kurudi, Kijino atakuwa amenipita mimi mama yake umri huu nilio nao.

Nikasema, labda mwaka huu wamebadilisha. Akasema labda. Kasema kwa sauti ile anayotumia kwa doa lisilotoka.

Mkono nimeupunguza mwenyewe. Sikutaka mwingine auguse.

Jumanne, 12 Machi

Mrefu kaja kurudisha nguo za mtihani. Nikampa pole. Akacheka, kicheko hakina meno. “Mimi niligeuza, shemeji.”

Nikamwambia sielewi. Akanieleza, kaegemea meza ya pasi. Wanakuingiza kwenye chombo cha mfano, giza tupu, king’ora. Unaambiwa nyuma yako kuna boti inazama angani, na ukigeuza kuifuata, wote ulio nao watakufa. Halafu unasikilizishwa sauti kutoka kwenye hiyo boti. Yeye kamsikia mama yake. “Mama tulimzika, shemeji! Nilijua ni mashine. Na bado niligeuza.”

Nikauliza, na mwenzio? Kasema, mwenzangu alinyamaza. Alishika usukani mpaka wakaja kumbandua vidole. Wakubwa walisimama wakampigia makofi.

“Alisikilizishwa nani?”

Mrefu akatazama viatu vyake. Kasema, kama hujui, mimi si wa kukwambia.

Najua. Nilimpandisha Kijino juu ya meza kwa mikono yangu hii.

Bi Pasi alikuwa anasikia. Alipoondoka Mrefu, kasema vyeo vingine ni kama pasi, vinakunyoosha kwa kukuchoma. Akanipa ruhusa niende nyumbani. Sikwenda. Nyumbani kuna ile meza.

Alhamisi, 14 Machi

Leo. Walisema wataondoka wiki ijayo, sasa ni leo.

Wifi kajaza nyumba majirani, anajisifu, kaka yangu, kaka yangu. Asubuhi nilipata nafasi kidogo ya kumuuliza Baba Kijino habari ya ile sauti. Kasema alijua Kijino yuko nyumbani na mimi, salama. Nikasema, kama ulijua ni mashine, neno moja tu, ungemjibu hata kwa kunong’ona. Kasema, ningejibu, mkono ungegeuka wenyewe. Halafu kasema, sijalala tangu siku ile, Mama Kijino. Nikamfunga vifungo. Ningefanyaje? Ni mume wangu.

Dirisha la jikoni linatazama gati. Tagi yake imeshafunga kamba kwenye Bibi Harusi. Sasa anaiendesha Mrefu, ndicho cheo alichopewa. Lakini Bibi Harusi huyu anapambwa tangu sijazaliwa. Injini inaweza kugoma. Kamba hukatika, mbona ile iliyomvunja mkono ilikatika? Mungu hashindwi. Naweka maji jikoni, akirudi anawe.

Wamepiga honi.

Kaja mlangoni na lile koti, Kijino mikononi. “Mama Kijino, shika.” Nimemwambia ngoja namalizia kuandika. Si sheria yao? Hakuna kuachia kabla neno halijatoka. Basi mimi silitoi. Nitaandika mpaka daftari liishe. Kasimama pale pale, anangoja, mkono mfupi umemzunguka mtoto. Wifi anasema watu wanasubiri jamani. Honi tena. “Shika, mke wangu.” Siinui kichwa. Kijino anacheka, anadhani ni mchezo.

Sasa hacheki. Ananiona siangalii. Kanyoosha mikono yote miwili, analia — mama, shika! Mama, shika! Ni sauti ile ile ya mezani. Mimi sina moyo wa baba yake, mwanangu, nakuja, nime