Kwa Zainabu, Upande wa Pili wa Kalvati

Lionja, Nachingwea

Mke wangu Zainabu,

Assalaam aleikum. Kabla hujaendelea nakuomba ukae chini, na usimpe mtu yeyote akusomee. Nimeandika kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni makusudi, uisome mwenyewe. Homa imekuachia? Na lile paa la kibanda chetu hapo kambini, nyapara ametoa nyasi za kuezekea au bado anapiga porojo? Mimi mzima wa mwili. Hemedi naye mzima, tena mzima kupita kiasi, nitakueleza.

Kwanza ujue kwamba hatukutoroka. Najua ndivyo wanavyosema hapo, kwamba Athumani na Hemedi wameikimbia kazi ya reli wakavuka kwa Mreno. Waongo. Siku ile tulikuwa tunashindilia kokoto, mvua ya mawe ikatukuta, tukaingia kwenye kalvati, lile la kupitisha maji chini ya tuta la reli, kujikinga. Tulipotokea upande wa pili mvua hakuna, na reli hakuna. Tuta lipo, limepandwa mihogo. Tulimkuta mama mmoja anapalilia, tukamuuliza treni imekwenda wapi. Akaegemea jembe, akasema treni hapa ilikuwa zamani za bibi yake. Zainabu, tuko mahali palepale, lakini ni wakati wa wajukuu. Hata mimi nikijisikia nikisema hivi najiona kama mtu aliyepandwa na malaria kichwani.

Yule mama anaitwa Mama Tabu, na ndiye aliyetuhifadhi. Tumemwambia tumetoka Msumbiji, ndivyo wanavyoita kwa Mreno siku hizi. Tunampalilia ufuta, tunafyeka chini ya mikorosho, anatupa chakula na pa kulala. Mtendaji wa kijiji alipokuja kutaka vitambulisho nikamtolea kipande changu cha kazi, kile chenye muhuri wa kampuni ya karanga. Akakigeuza, akasema hiki kingefaa makumbusho. Mama Tabu akamwambia sisi ni wageni wake, yakaisha.

Kuishi huku kunachosha. Kila mtu ana simu, kibamba kidogo cha mfukoni, na mtu anatembea barabarani anacheka peke yake na wala si kichaa. Nikimsimamisha mtu kumuuliza za nyumbani, za watoto na za shamba, ananijibu "poa" na kunipita, kana kwamba nimemwomba kitu. Siku moja alishuka mtu kwenye gari, suruali imenyooka, nikamvulia kofia na kuinama nikidhani ni Bwana Shauri wa wilaya. Kumbe ni dereva wa kubeba mchanga. Hemedi alicheka mpaka akakaa chini.

Hemedi ndiye aliyezoea. Anaosha pikipiki pale stendi ya Nachingwea, zile za kubeba abiria, wanaziita bodaboda. Amenyoa nywele pembeni zote akabakiza shungi katikati, na akiniita ananiambia "oya". Ananisihi nitulie. Nitulie vipi? Yeye hakuacha mke. Mimi wingu likijikusanya naacha jembe hapohapo nakwenda kwenye kalvati, na Mama Tabu amechoka kunifokea. Usingizi siupati, chakula hakishuki, nikikaa naona afadhali nisimame, nikisimama naona afadhali niende.

Sasa nikueleze jambo lenyewe. Mvua za kwanza zilipoanza, Hemedi alitumbukiza kidumu kwenye maji yanayopita kalvatini, mzaha tu. Kiliingia, upande wa pili hakikutoka. Nasi tukajipenyeza, tukatoka tumejaa tope, palepale, na mwenye mihogo anatutukana kwa kumkanyagia. Watu hawapiti, lakini vitu vinapita. Mvua iliyofuata maji yakaleta kata yako ya kibuyu, ile uliyoichoma alama ya moto ili jirani asiichukue. Shingoni mlifungwa kipande cha kaniki yako. Nililia, Zainabu, wala sioni haya kuandika hivyo. Nikajua kwamba kila ikinyesha unasimama pale, unanitafuta.

Basi nikakuandikia barua. Ilikuwa fupi, ilisema nisubiri, nitapata njia. Nikaifunga ndani ya kidumu nikawa nangoja mvua. Lakini mvua ikasita, na mimi unanijua, nikashindwa kukaa. Nikaona niende kwenu Nandagala nikaangalie hata lile shamba alilonipimia mjomba wako nilipokuja kuoa. Rafiki yake Hemedi akanipakia kwenye pikipiki. Mpaka tunafika Ruangwa nilikuwa nimefumba macho.

Pale Nandagala nikauliza ukoo wa mjomba wako, nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa barazani anabangua korosho. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanipa kigoda. Nikamuuliza jina, akasema Athumani bin Bakari. Nikamuuliza jina la mama yake, akasema lako.

Ana pua yako. Ana ile tabia yako ya kusafisha koo kabla ya kusema neno zito. Nilikaa pale nikamtazama mtoto wako mwenye mvi, mimi ambaye sijaota hata mvi moja, na yeye ananihimiza nile. Binti yake, mwalimu wa shule ya hapohapo, akaniletea ugali na kisamvu, akaniambia nisile haraka hivyo, hakuna anayeninyang'anya. Wajukuu walikuwa wananichungulia mlangoni. Nikajikaza, nikamuuliza mzee kama mama yake hakuwahi kuwa na mume mwingine.

"Alikuwepo," akasema. "Alimwacha. Alimletea karatasi, na mama hakumwonyesha mtu, alisema tu ameachwa kwa wema. Akakaa eda, mjomba akaridhia, ndipo baba akamwoa."

"Na wewe jina hilo ulipewa na nani?"

"Mama ndiye aliyelitaka. Baba hakukataa."

Mengine aliyonisimulia yanakuhusu wewe, utayaona mwenyewe kwa wakati wake. Niliaga nikiwa nimevimba kwa hasira. Karatasi gani? Mimi sijakuandikia talaka. Njia nzima nilikuwa namtukana huyo aliyeighushi, nikimtafuta kichwani ni nani, nyapara au yule karani wa kambi. Tulipofika Ruangwa mjini, kijana wa pikipiki akaniacha nimekaa kwenye benchi akaenda kutia mafuta. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyeighushi. Karatasi ile ni yangu, ila nilikuwa sijaiandika bado.

Nakujua, Zainabu. Nikikuambia subiri, utasubiri. Mjomba wako hawezi kukuoza bila neno langu, na hata akitaka, wewe utagoma. Utasimama kwenye kalvati mpaka meno yakutoke, na mimi upande huu nitazeeka nikiokota kata. Halafu yule mzee wa barazani hatazaliwa, wala binti yake hatakuwepo kuwaambia wageni wasile haraka. Nitakaaje na jambo hilo? Nimeichana ile barua ya kwanza.

Huyo Bakari ni nani? Ni yule fundi cherehani wa Nanganga, mwenye kicheko kirefu? Kama ni yeye, sawa. Ni sawa ya shingo upande, sikufichi, na ningemkuta leo njiani nisingemwitikia salamu. Lakini mzee amelelewa vizuri, na mtoto hajilei.

Nisalimie mama mkwe, mwambie magoti yake ayakande kwa maji ya moto na asibebe kuni. Msalimie dada yako Mwanahawa aliyetupikia siku ya harusi, na mwenzangu wa kazi Mussa, achukue nyundo yangu. Mjomba wako mwambie shamba lake sikulitelekeza kwa uvivu. Mama yake Hemedi mwambie mwanawe anakula vizuri kuliko sisi sote. Nyapara usimsalimie.

Nimezunguka vya kutosha. Mawingu yamefunga, Hemedi amekuja na kidumu kikavu na kizibo chake, amekaa mlangoni haniharakishi.

Mimi Athumani Chilumba, nikiwa na akili zangu timamu, nakuacha wewe Zainabu binti Selemani kwa talaka moja. Hukunikosea lolote. Hemedi ni shahidi, ameweka dole gumba lake hapo chini. Nimesema moja, sikusema tatu, kwa sababu ndani ya eda mume anaweza kumrejea mkewe, na moyo wangu mkaidi. Kila mvua ya eda yako nitaingia kalvatini. Ikiisha hujaniona, fungasha vyombo urudi kwenu Nandagala, na mvua ikinyesha ukae ndani.

Aliyekuwa mumeo,
Athumani