Mapigo Matatu Juu ya Meza

Mke wangu mpendwa, Mama Etabo,

Jambo sana huko Mboko. Nakusalimu wewe kwanza, kisha mtoto wetu, kisha mama yangu mnayelala naye nyumba moja. Kikohozi chake kimepoa? Etabo amesimama au bado anatambaa? Na wewe shemeji Asende, unayemsomea dada yako barua hii, soma yote tafadhali. Kuna mahali nitajisema vibaya, usiparuke kwa kunionea haya.

Mwili wangu ni mzima. Baridi ya huku milimani, nyuma ya Fizi, inaingia mpaka kwenye mifupa, na samaki tunamsikia kwa jina tu, lakini nakula. Ni moyo ndio hauko mahali pake.

Unajua jinsi nilivyopewa darasa hili. Padri wa Fizi alisema: "Mukaguzi wa masomo akifurahi, utapata nyumba ya mwalimu, utaleta bibi yako." Ndiyo maana nilikuandikia uanze kufunga mizigo. Lakini darasa lenyewe, jamani! Siku ya kwanza waliingia kwa dirisha. Mmoja alikuja na mbuzi, eti nyumbani hakuna wa kumchunga. Ukiuliza neno moja wanajibu arobaini kwa pamoja, na wakubwa wanakaa juu ya wadogo. Nilipiga fimbo majuma mawili, mkono ukachoka, kelele zikabaki palepale.

Ndipo nikajiambia, hawa watoto si wabaya, hakuna aliyewaonyesha. Ile fimbo ya matako nikaifanya fimbo ya meza, maana kengele hatuna. Pigo moja: kimya, mikono juu ya benchi. Mapigo mawili: vibao vya kuandikia vipitishwe kwa jirani mpaka mwisho wa benchi, bila mlio. Matatu: simama, mstari mmoja, wadogo mbele, toka, nenda nyumbani. Zoezi la kutoka tu tulilirudia asubuhi nzima. Tunatoka, tunarudi, tunatoka tena, mpaka bamama waliokuwa wanapita kwenda shambani wakauliza: "Mwalimu, batoto yetu habakujua kutembea?" Walicheka sana, na mimi nikacheka nao.

Shida ikabaki njiani. Wavulana wakubwa walikuwa wanachelewa nyuma makusudi, wanajificha majanini, wanaita wadogo kwa majina. Mdogo akigeuka, mstari unavunjika na ngumi zinaanza. Sultani, mkubwa wa kijiji, aliniita mara mbili kwa habari hiyo. Sasa, wazazi wa huku huwakataza watoto wao kuitika jina linaloitwa nyuma yao kwenye njia ya porini, kwa sababu hujui ni nani anayekuita. Nikaona hapo ndipo pa kushika. Nikawaambia: "Mukitoka kwa mapigo matatu, mufuate sheria ya bamama zenu. Hata musikie jina, hakuna kugeuka, hakuna kuitika, mpaka muvuke mto." Walishika siku hiyohiyo. Mama Etabo, ungeona! Ngumi ziliisha kabisa. Sultani mwenyewe aliniletea jogoo.

Basi juzi mkaguzi akaja, Padri mwingine, mzee, vumbi mpaka kwenye ndevu. Watoto wakasimama, wakamwamkia Padri kwa Kifaransa, "Bonjour, mon Père," wakakaa, hakuna aliyekohoa. Akaona vibao vinavyopita mkono kwa mkono. Akaniangalia, akatabasamu. Moyoni mwangu nilishakuona unapika katika nyumba ile.

Akataka kufundisha dini yeye mwenyewe. Ni mtu wa kusema kwa mikono.

"Mungu iko ngapi?"

"Moja!"

"Na nafsi zake iko ngapi?"

"Tatu!"

Furaha ikamshika, akapiga meza kwa ngumi: "Baba! Mwana! Roho Mutakatifu!" Pa, pa, pa.

Wakasimama wote. Mstari mmoja, wadogo mbele, kimya, wakatoka. Sijawahi kuwaona wakitoka vizuri hivyo.

"Banakwenda wapi?" Padri akauliza.

"Nyumbani, mon Père."

"Nani alibaambia kwenda? Babaite!"

Nikakimbilia mlangoni. Rudini! Hakuna aliyegeuka. Nikaita majina: Lubunga! Nyota! Ebuela! Kila niliyemtaja alikaza shingo na kuongeza mwendo. Ole wangu! Kadiri nilivyoita, ndivyo walivyokwenda. Nilipowafikia ng'ambo ya mto walikuwa wameshatawanyika, nikarudi na sita tu, natoka jasho mbele ya Padri kama mwizi. Yeye alikuwa ameshafunga daftari lake.

Nilimweleza habari ya mapigo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo kosa ni ya mimi?"

Nikasema: "Hapana, mon Père."

Shemeji, hapo ndipo nilipokuambia usiruke. Nilisema hapana. Ningesema nini kingine? Akasema mwalimu anayekimbiwa na watoto hajui kazi, darasa lifungwe mpaka apatikane mwingine. Akafunga mlango, akaenda na ufunguo.

Leo asubuhi watoto wakaja kama kawaida, wakajipanga mbele ya mlango. Nikawaambia hakuna masomo, rudini kwenu. Hawakuondoka. Nyota, kasichana kadogo ka mbele, akaniuliza: "Mwalimu, tulikosa wapi?" Nikaingia kwenye kibanda ninacholala, mkabala na darasa, nikachukua karatasi hii.

Kwa hiyo, mke wangu, fungua mizigo. Usije. Nitashuka Fizi kumwomba Padri aliyenituma, lakini atamsikiliza nani, mimi au mwenzake? Sioni njia. Ninaona haya hata kukuandikia wewe.

Mwambie mama yangu asiache kunywa dawa. Baba mdogo, fundi wa nyavu, mpe pole ya mtumbwi uliopasuka. Mama mkwe naye msimwambie yote, mwambieni tu mvua imeharibu njia. Mbusu Etabo kwenye paji la uso, umwambie baba yake anamkumbuka.

Nimechungulia sasa hivi. Jua limekuwa kali, na bado wako pale mlangoni, wadogo mbele, kimya kabisa, wananingoja niwafungulie. Na mimi sina ufunguo.

Mume wako anayekupenda,
Baba Etabo